Mlango wa Tonton na Kivuli cha Mchi

Juzi binti wa dada yangu alituma video katika kundi la familia kwenye simu. Mtu wa nchi ya mbali anasimamisha fimbo juani, na kivuli cha fimbo kinapungua mpaka kinatoweka. Chini yake mtoto ameniandikia mimi: Tantine, angalia, hii itafika hata kwetu wiki hii. Kabla sijamjibu ikaingia video ya roboti anayekunja nguo, kisha ya mchezo mpya wa magari, kisha pongezi za mtu aliyejifungua. Kivuli kikafukiwa huko chini. Mimi nilikirudia mara kadhaa, kwa sababu nilikuwa nimeshakiona zamani, na hakikuwa kwenye kioo cha simu.

Kama ulikulia mtaa wetu wa Mangobo miaka ile, huenda uliufahamu mlango ninaotaka kukusimulia. Uwanja wetu ulikuwa na nyumba tatu, zote za mzee mmoja tuliyemwita papa bailleur, kwa kuwa ndiye aliyetupangisha. Nyumba ya katikati alikaa fundi wa redio. Hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, lakini watoto wote tulimwita tonton, yaani mjomba. Siku za Jumamosi alipanda toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, akaenda mjini kwenye cyber, duka la kulipia intaneti, akasoma mpaka muda wake ukaisha. Aliporudi, sisi tulishakaa chini tukimngoja, mikono ikinuka mafuta ya mawese ya lituma, ndizi za kuponda, tuliyotoka kula.

Mlango wake alikuwa ameupaka weusi wa betri kuukuu, ukawa kama ubao wa shule. Alifuta habari za wiki iliyopita kwa kitambaa chenye maji, akaandika mpya kwa chaki. Pweza ana mioyo mitatu. Kuna gari dogo lisilo na dereva linalotembea juu ya sayari nyekundu. Michezo ya kompyuta pia aliileta. Kwa kuwa hakuweza kuubeba mchezo wenyewe, aliichora miraba yake ardhini, akatufundisha sheria zake, na mmoja wetu akawa mashine. Mimi nilipenda sana kuwa mashine. Tonton alisema mashine haikasiriki na haina rafiki, kwa hiyo dada yangu aliposhindwa na kuanza kunitukana, nilitakiwa nimtazame tu.

Mlango ulikuwa na desturi yake. Jambo linaloweza kujaribiwa lilijaribiwa hapo uwanjani, mbele ya watu, na lisipotokea lilifutwa. Ndiyo maana siku tonton alipoandika kwamba jua linakaribia kupita juu kabisa ya vichwa vyetu, kwa kuwa Ikweta iko karibu tu, ng'ambo ya mto, ukipita Lubunga, na kwamba saa sita ya mchana kitu kilichosimama wima hakitakuwa na kivuli, mtaa mzima ulitaka kuona.

Papa bailleur alikuwa amechoka na kelele zetu, na weusi ule kwenye mlango wake haukuwahi kumpendeza. Akatangaza kwamba kivuli kisipotoweka, ataupaka mlango rangi ya kijani na mikutano ya watoto itakwisha. Tonton akakubali. Sisi hatukulala vizuri.

Kitu kirefu na kilichonyooka kuliko vyote uwanjani kilikuwa mchi wa bibi yangu, tuliyemwita koko, ule wa kutwangia pondu, majani ya muhogo. Koko aliutoa kwa masharti: urudi kabla hajamaliza kuchambua majani. Tonton akausimamisha, akaukaza kwa mawe, akapima unyoofu wake kwa uzi wenye jiwe. Kengele ya parokia ilipolia saa sita, watu waliinama wote pamoja.

Kivuli kilikuwepo. Kifupi, kama kiganja, lakini kilikuwepo.

"Alors, tonton," akasema papa bailleur, "jua imekatala kukusomea internet?"

Watu wakacheka, wakaondoka kwenda kula. Mwenye nyumba akatuma mtu sokoni kununua rangi. Tonton alibaki amechuchumaa kando ya mchi, na mimi na dada yangu tukabaki kwa sababu hatukutaka kumwacha peke yake. Mchi nao ulibaki, kwa sababu koko alikuwa bado na majani. Alipokuja kuuchukua, beseni kiunoni, alisimama akautazama.

"Nani amekula kivuli ya mutwangio yangu?"

Tuliangalia. Hakikuwepo, si mashariki wala magharibi.

Tonton hakuruka. Aliangalia saa yake, akafikiri, akatueleza: saa tunazofuata ni za Lubumbashi, na jua hupita kule kwanza, kisha ndipo huja kwetu. Kengele ilikuwa imelitangulia jua. Akaenda kwa papa bailleur, ambaye tayari alikuwa na kopo mkononi, akamwomba siku moja.

"Rangi haiozi, papa," alimwambia.

Kesho yake mwenye nyumba alikuja na kopo lake, akaliweka kando ya mchi. Kengele ikalia, na safari hii hakuna aliyecheka. Tulingoja. Pondu ya nyumba zote ilichelewa. Kivuli kikaingia polepole chini ya mchi kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Papa bailleur aliangalia mchi, akaangalia kopo, mwishowe akaangalia miguu yake mwenyewe, ambako kivuli chake kilikuwa kimejikusanya chote chini yake.

"Bon," akasema. "Mulango ibaki."

Rangi ya kijani ilipakwa kwenye choo. Na chini ya habari ile tonton aliongeza kwa chaki: Kengele ikilia, ngoja.

Leo nyumba ile imevunjwa na mlango sijui uliishia wapi. Koko ametutoka, na pondu inasagwa kwa mashine sokoni. Habari zimezidi: kwa asubuhi moja simu inaniletea nyingi kuliko zilizowahi kuenea kwenye mlango ule. Nisichokipata humo ni watu wa kuchuchumaa nao.

Kwa hiyo jana nilimwita binti wa dada yangu uwanjani, nikasimamisha mpini wa fagio, nikaupima kwa uzi. Kengele ililia. Akainama, simu mkononi.

"Tantine, kivuli iko tu. Video imetudanganya."

Nikamwambia angoje. Akaniuliza mpaka lini, nikamwambia mpaka jua lifike. Alisita kidogo, akaiweka simu mfukoni, akachuchumaa kando yangu.