Shemeji na Kanuni ya Wasiomaliza

Dada yangu aliolewa na mwanamume mmoja, akajikuta anaishi na tasnifu. Shemeji alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya takwimu, na mtaani walimwita Dokta kabla hajamaliza hata sura ya pili. Hakuwakataza.

Utafiti wake ulihusu wanafunzi wa uzamivu wanaoishia njiani. Alitunga kanuni: unaingiza umri wa mwanafunzi, watoto alionao, na mara alizobadilishiwa msimamizi, nayo inakuambia kama atamaliza. Aliijaribu kwa wote waliowahi kupita idarani kwao, haikukosea hata mmoja. Msimamizi wake, profesa ambaye miaka yote alijibu barua pepe kwa neno "Endelea", safari hii aliandika "Vizuri. Endelea."

Chuo kikachoka naye, kikampa mpaka Ijumaa: asipowasilisha, anafutwa. Tasnifu ilikuwa tayari, imechapwa na kujalidiwa, kwa fedha za dada aliyekuwa akifundisha watoto wa watu kila jioni ili bwana mkubwa akae na kompyuta yake.

Jumatano, Shemeji akajiingiza mwenyewe kwenye kanuni. Ikasema hatamaliza. Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu wetu alijiganga, na balaa likaanza.

Nilimkuta sebuleni ameshika tama.

"Si upeleke tu, Shemeji?"

"Nikipeleka, nimemaliza. Nikimaliza, kanuni imekosea. Sasa nipeleke kanuni yenye kosa?"

"Kosa la mtu mmoja tu!"

"Mtu mwenyewe ndiye mwandishi."

Dada akatoka jikoni, mikono imejaa povu la sabuni. "Mume wangu, kosea," akasema. "Nakuomba. Kosea mara hii moja tu, kwa ajili yangu."

Shemeji alimtazama kama aliyetukaniwa mama yake. Nilitamani kumzaba kibao, nikastahi ushemeji.

Ijumaa alivaa suti, akakaa kitini mpaka ofisi za chuo zikafungwa. Kisha akainuka, uso umemng'aa, akampa dada mkono kama watu wanavyopongezana. "Imethibitika!" akasema. Dada akaingia chumbani, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Profesa aliichapisha kanuni ile kwa jina lake mwenyewe, akapandishwa cheo. Shemeji naye yumo kwenye makala hiyo: hana jina, ni nukta tu kwenye mchoro wa wasiomaliza. Ukurasa ule ameutia fremu na kuutundika sebuleni, na wageni wakija huwaonyesha nukta yake kwa kidole. Dada akipangusa vumbi, fremu hiyo huiruka.