Simu ya Antena Ndefu

Nyumbani kwetu, juu ya kilima, kulikuwa na simu mbili za mezani zisizo na waya, na mpaka leo nikiikumbuka moja yao damu inanichemka.

Ya kwanza ilikuwa ya zamani, ya mawimbi marefu, antena yake tumeifunga kwenye mwanzi juu ya bati. Mkono wake, ule wa kusikilizia na kusemea, nilishuka nao mjini kila asubuhi, mpaka kwenye magazini yangu ya kuuzia vitenge karibu na gare ya treni. Haikuhitaji kuweka pesa ya unité. Ukibonyeza kitufe, Mama anaitika kule nyumbani kama yuko nyuma ya kabati. Kuta za matofali, miti, mabati, vyote ilivipita. Ya pili, mpya, niliinunua kwa mfanyabiashara anayevuka kutoka Kigoma. Mawimbi yake ni mafupi, sauti safi, na hakuna mtu wa nje anayeweza kuisikiliza. Lakini ukifika getini, imekwisha. Na jirani akiwasha intaneti yake, inaanza kukatakata. Basi ile mpya ikakaa chumbani kwa Mama, ya zamani ikaendelea na kazi.

Ubaya wa ya zamani ni kwamba ilifika kwa kila mtu. Nyumba kadhaa za kilimani zilikuwa na simu ya aina ileile, kwa hiyo ukiinua mkono wa kwako unaweza kukuta mtu anaagiza makala ya kupikia, au kijana anambembeleza mchumba wake. Tulikuwa na sheria yetu ambayo hakuna aliyetufundisha: ukisikia ya mwenzako, unakata, na mkikutana bombani hujui kitu. Wote tuliifuata, isipokuwa mama mmoja wa chini ya ua wetu. Huyo alikuwa anatuulizia hali ya ugonjwa ambao hatujamwambia. Nikilalamika, Mama ananijibu, "Muache, njo hali yake," yaani ndivyo alivyo.

Mdogo wangu wa kiume alikwenda Zongwe kununua samaki wakavu, akashikwa na homa, akafia huko. Baba mdogo ndiye aliyepigiwa simu, na akaja kunikuta magazini. Kwanza tulimfikiria Mama, maana alikuwa na tension ya damu. Na kwetu mama haambiwi kifo cha mtoto wake akiwa amesimama. Wanaitwa dada zake kwanza, anakalishwa kwenye mkeka, huyu anamshika huku na yule kule, ndipo mkubwa wa ukoo anasema, polepole, akianzia kwenye ugonjwa.

Unité za baba mdogo zilikuwa zimekwisha, na dada yangu aliyekuwa na Mama nyumbani hakuwa na simu ya kwake. Baba mdogo akachukua ule mkono wangu, akatoka nyuma ya magazini ili wateja wasisikie, na dada alipoitika akanong'ona: "Mutoto wa Zongwe ametutoka. Usimuambie Mama. Ita bamama, tunakuja." Alinong'ona, maskini. Aliwaficha wanawake waliokuwa wanachagua vitenge, na kilima kizima kikamsikia.

Hata pikipiki hatujapata, yule mama wa chini ya ua ameshaingia jikoni kwetu, mikono kichwani, analia na kumtaja marehemu kwa jina. Mama alikuwa amesimama, anasonga bukari. Alianguka na sufuria yake. Tulipofika alikuwa sakafuni, mkono umeungua mpaka kiwiko, anamuuliza kila anayeingia, "Ni kweli? Nani amesema?" Upole mmoja tu tulikuwa nao wa kumpa siku ile, na mtu asiye wa ukoo alikuja kumnyang'anya. Haya sijayasamehe, na sitaki kudanganya kwamba nimeyasamehe.

Kwenye matanga alikaa mbele kabisa, anawaambia wageni, "Njo mimi nilimuambia." Kwa fahari, kama mtu aliyeleta msaada. Nilisimama nimtoe kwa mkono wangu mwenyewe, baba mdogo akanivuta nguo nikakaa.

Matanga yalipokwisha nilitaka kuipasua ile simu kwa jiwe. Mama akakataa, akaniambia nishuke nayo kazini kama kawaida. Asubuhi moja ikalia nikiwa magazini.

"Mama, kuna nini?"

"Wewe nyamaza, mwanangu. Sisemi na wewe."

Akakohoa kidogo. Kisha akasema, bila hasira hata chembe, mimi nikiwa na hasira ya wawili:

"Mama mwenzangu, najua unasikia. Siku yako ya msiba ikifika, mimi nitakutafutia kwanza mahali pa kukaa."

Nikasikia mtu anavuta pumzi, si Mama. Halafu kitufe kikabonyezwa.

"Amekata," Mama akasema.

Miaka yote ile, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukata.