Mthamini Aliyepita Nyumbani kwa Royce

Mdogo wangu Royce hakai. Mkaribishe kiti, atakishika mgongo na kuzungumza nawe amesimama, halafu ghafla unamsikia yuko jikoni anafungua kabati zisizo zake. Jeshi lilimzungusha sana, mara Ujerumani, mara Korea, mara Kansas. Alipostaafu ufundi wa vifaru alirudi hapa Killeen na mkewe Corliss na binti yao Tamsin, wakafikia kwangu. Haikupita muda nikatamani kumfunga kamba.

"Royce, kaa bwana! Unanitia kizunguzungu."

"Nitakaa kwangu, dada."

Hilo ndilo alilotaka, nyumba yake mwenyewe, asihame tena mpaka afe. Haki ya mkopo wa serikali wa askari wastaafu alikuwa nayo, na nyumba akaipata, ya matofali, nyuma ya kanisa letu, ina mti wa njugu za pekani uani. Tatizo ni kwamba palikuwa na mnunuzi mwingine aliyekuwa tayari kuichukua bila kukagua chochote.

Dalali wetu, Bi Purcell, alimweleza mezani pangu, nasikia kwa masikio yangu.

"Sajini, mthamini wa mkopo anakuja kuona nyumba ina thamani gani, paa lipo, maji yanatoka. Basi. Mkaguzi ni mtu mwingine, unamwajiri wewe mwenyewe. Huyo ndiye anayefungua vitu na kuchungulia ndani. Nakusihi usimwache."

"Tukisema tunataka mkaguzi, yule mwingine anaibeba," Royce akajibu, keshasimama dirishani.

"Si aibebe!" nikaropoka. "Nyumba Killeen zimeisha?"

"Dada, wewe hujakaa jeshini. Mtu wa serikali akishapitisha kitu, kimepita. Vifaru vyangu vyote vilikuwa hivyohivyo."

Corliss akanivuta pembeni. "Wifi, mwache. Akiikosa hii atatutia wazimu sote."

Mthamini akaja, bwana mpole mwenye tepe ya kupimia. Akapiga picha, akachungulia darini, akawasha hita ya gesi, hewa ya moto ikatoka, akaizima. Akataka rangi iliyobanduka chini ya paa ikwanguliwe na kupakwa upya, la sivyo mkopo haupiti. Mwenye nyumba akapaka. Royce nusura acheze.

"Umeona, dada? Hata rangi wameiona! Watakosa kuona nini hawa?"

Nami kwa ile rangi nikalainika, nisiseme uongo.

Wakainunua bila mkaguzi, wakahamia. Siku za mwanzo alikuwa Royce yuleyule, sofa asubuhi liko huku, jioni liko kule. Kisha Desemba upepo wa baridi wa kaskazini ukashuka, hita ikawa inanguruma mchana kutwa, na Corliss akanipigia simu.

"Wifi, hutaamini. Royce amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Kwenye kiti! Jana kutwa nzima. Leo tena."

Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Tangu arudi kutoka jeshini nilikuwa namwombea atulie.

Jumapili, baada ya ibada, nikawapelekea sufuria ya maharage na mkate wa mahindi. Royce alikuwa kitini, kidevu kifuani.

"Usimwamshe," Corliss akanong'ona, huku anajikanda kipaji cha uso. Kichwa kilikuwa kinamuuma, akasema ni mafua. Tamsin alijilaza zuliani, mkate wa mahindi hautaki, na huyo mtoto kwa mkate wa mahindi huwa hana adabu.

Nikamfunika mdogo wangu blanketi. Nikakaa namtazama, machozi ya furaha yananilenga. Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga mimi pia. Nikasema ni njaa. Tamsin akatapika.

"Shangazi, miguu yangu haina nguvu."

Mafua gani haya? Mimi niliingia humu mzima kabisa! Hapo akili ikanirudi.

"Corliss, toka! Mbebe mtoto, toka nje sasa hivi!"

Nikamtikisa Royce. Akafumbua macho, akanitabasamia kama mlevi.

"Niache, dada. Nimepumzika."

Nikamzaba kofi, nikamshika makwapani, nikamburuta huku namtukana matusi ambayo mchungaji hajui kama nayajua, mpaka kwenye majani ya uani.

Wazima moto niliowapigia simu walifunga gesi, wakatuvalisha barakoa za oksijeni. Mmoja wao akatoka ndani na tochi yake. Chuma cha ndani ya hita kilikuwa kimepasuka, na moshi wa sumu usio na harufu ulikuwa unaingia pamoja na joto. Ufa huo ni wa siku nyingi, akasema, na mkaguzi yeyote wa nyumba angeifungua hita na kuuona.

Royce akaishusha barakoa. "Lakini yule bwana aliiwasha. Ikawaka. Niliona."

Corliss alikuwa amempakata Tamsin, anamfuta mdomo kwa mkono wa sweta.

"Yule aliangalia kwa ajili ya mkopo, Royce. Sisi aliyetuangalia ni nani?"

Royce akamtazama mtoto wake.

"Zamu ya kuwalinda ilikuwa yangu," akasema, akaanza kulia, na mimi ninayemkemea kwa kila kitu nikamrudishia barakoa usoni.