Kalori za Ubaoni

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alipachikwa jina la Kifua alipokuwa mpakuzi wa magunia ghalani. Nguvu alikuwa nazo, hilo simnyimi. Shule aliiacha darasa la sita kwa hiari yake, na mpaka leo humnunia yeyote anayemwambia arudie hesabu.

Mume wangu alipofariki, chumba cha mazoezi alichokianzisha kikabaki mikononi mwa Kifua. Jina la marehemu lilibaki juu ya mlango, kwa rangi ya bluu. Enzi zake mikeka ilipigwa deki kila asubuhi. Nilipoingia miezi saba baada ya mazishi, harufu ilinipokea mlangoni kama mtaro uliofunuliwa. Kwenye benchi palikuwa na alama ya mgongo wa mtu, bado mbichi. Taulo moja lilihama shingo hadi shingo. Nilikusanya gauni langu lisiguse kitu.

Kilichonipeleka ni jirani yangu, fundi cherehani. Goti lake limekwisha, na daktari alikataa kulipasua mpaka apunguze kilo nane. Alifanya mazoezi kwa Kifua wiki kumi, akaongezeka kilo mbili. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imebakiza wiki tano.

"Kwani unakula nini, mwenzangu?" nilimuuliza.

"Sili ovyo, dada. Ubao wa pale kwa Kifua unasema nachoma kalori elfu moja na mia mbili kila nikienda. Najipongeza kwa soda mbili na kipande cha keki. Bado nabaki na akiba."

Basi tukaenda wote kuutazama huo ubao. Kifua alikuwa kifua wazi, anatafuna, chaki imeganda mafuta ya vidole vyake.

"Namba hizi unazipataje?"

"Rahisi, shemeji. Kanyanyua kilo ishirini, mara sitini. Zidisha. Elfu moja na mia mbili hizo."

"Hizo ni kilo, si kalori. Na uzito wa mwili wake umeuweka wapi?"

"Si huo hapo umekaa kwenye benchi?"

Wanaume wakacheka. Fundi akainamisha kichwa. Nilimwaza marehemu akisikia kicheko kile chini ya jina lake.

Nilifuta ubao kwa leso yangu, nikaeleza kwa sauti. Mtu wa kilo tisini kama fundi, akifanya kazi ya vyuma ya kawaida saa nzima, hukadiriwa kuchoma kalori mia tatu hivi. Fundi hufanya nusu saa, basi ni mia moja na hamsini. Tena ni makadirio, yanapanda na kushuka. Soda moja tu karibu inazimaliza zote.

"Mama, usitukate stimu," alisema mmoja aliyelala chali. "Sisi namba ndogo hazitunyanyui."

"Umesikia, shemeji?" Kifua alisema. "Wateja wanataka namba nono."

Nikamwambia achague mpaka kesho yake: aandike ukweli, au jina la kaka yake liondoke ukutani. Nilidhani ataona aibu. Kaka yake ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamtoa kwenye magunia.

Kesho yake asubuhi nilimkuta juu ya ngazi, kopo la rangi mkononi, anapiga mluzi. Alianza na herufi ya kwanza ya jina la marehemu, akaifunika kwa pigo moja la brashi. Hakugeuka kunitazama. Ndani, ubao ulikuwa umejaa tena, na wa kwanza alikuwa na elfu mbili.

Leso ile niliitupa jalalani. Harufu haikutoka hata baada ya kufuliwa mara tatu. Fundi sasa hunyanyua chupa za maji kwenye baraza yangu, nusu saa, nami naandika mia moja na hamsini daftarini. Soda ameacha. Kilo tatu zimetoka. Tarehe ya daktari itampita, lakini ameomba nyingine, na safari hii anajua anachokihesabu.

Kifua akinipungia mkono barabarani, natazama upande wa pili.