Pamba ya Baltazari

Bunda ukitaka kitu kichujwe kikachujika, unaambiwa nenda Manyamanyama kwa Baltazari. Asali yenye miguu ya nyuki, maji ya lambo yenye rangi ya chai, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka safi. Alikuwa mkulima wa pamba, lakini miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha kuchambulia ilimwachia ugonjwa wa usafi. Na kiburi alikuwa nacho, tusifichane. Ukimletea kitambaa chako anakucheka mchana kweupe. "Hiki ni wavu wa dagaa, ndugu yangu. Uchafu unapitaga humu bila kubisha hodi."

Yeye alichujia pamba ya shambani kwake, aliyoichuma kwa mkono wake. Na kila msimu aliweka gunia moja stoo lisilouzwa, kama alivyofanya mama yake: pamba ya misiba. Jirani akifiwa, hahangaiki kutafuta pamba ya kuzibia maiti pua, anakwenda kwa Baltazari. Ili panya na mende wasijenge humo, dawa inayobaki kwenye bomba la kupulizia shamba aliimalizia juu ya gunia hilo. Alifanya hivyo kila mwaka. Maiti halalamiki.

Mkewe, Boke, aliugua saratani ya kizazi. Hospitali walimpa vidonge vya maumivu wakamrudisha nyumbani, na vidonge vikaisha. Jamani, maumivu yale! Mama wa watu aling'ata kanga mpaka ikatoboka. Hakuomba kupona, hilo alishalitua chini. Aliomba kitu kimoja tu.

"Baba Stellah, nataka kulala. Hata mchana mmoja, nilale bila kuumwa."

Gody, mdogo wake Boke, ni fundi wa friji kule Mwisenge. Ndiye aliyekuja na habari ya mafuta ya bangi, kwamba yanatuliza maumivu ya namna hiyo. Alishaonyeshwa na rafiki yake: majani yanaoshwa kwa spiriti safi, kali kuliko gongo, iliyopozwa mpaka ikawa baridi ya kuuma vidole, kisha inachujwa, kisha spiriti inaachwa iondoke yabaki mafuta. Bangi ni jela, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini mtu akimsikia dada yake analia vile, jela anaiona ndogo. Gody akaleta friji la kugandishia, ndoo ya maziwa ya chuma kisichoshika kutu, na faneli.

"Shemeji, kazi yote iko kwenye kuchuja," alisema. "Karatasi zake zinatoka Mwanza Jumamosi. Mpaka zifike, usiguse."

"Karatasi!" Baltazari alicheka. "Unanifundisha mimi kuchuja?"

Alhamisi Boke alilia tangu alfajiri. Baltazari akashindwa kuvumilia. Pamba ya msimu alikuwa ameshaiuza yote, ikabaki ile ya gunia. Akachukua fungu jeupe, akaliosha kwa maji mara mbili, akalianika juani. Maji yalitoka meupe, roho yake ikatulia. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba spiriti hubeba kile ambacho maji yamekiacha.

Ilichujika vizuri, tena vizuri mno. Ilishuka kwenye faneli iking'aa, na mzee wetu akasimama hapo akijisifu peke yake. Kesho yake mchana, mafuta yaliyobaki kwenye kikombe akayapaka kwenye kipande cha ndizi, akamlisha mkewe.

Boke akalala. Uso ulilegea, mikono ikafunguka. Baltazari akakaa pembeni ya kitanda analia kwa furaha, mwanaume mzima.

Kisha mate yakaanza kumtoka Boke, mengi, na jasho likalowesha godoro. Akatapika, akaharisha, miguu ikacheza yenyewe. Baltazari akaita bodaboda, wakambana mgonjwa katikati mpaka zahanati.

"Amekula nini?" aliuliza nesi Gloria.

"Dagaa."

Wiki hiyo kuhara kulikuwa kwingi mjini, kwa hiyo Gloria akamtundikia dripu. Baada ya muda akamulika macho ya Boke kwa tochi, akaona mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akageuka.

"Baba, macho haya siyapendi. Nyumbani kuna dawa ya kupulizia pamba? Ameishika?"

Hapo Baltazari akaliona gunia. Mungu wangu! Alilijua kosa lake palepale, lote. Lakini kulisema gunia ni kusema spiriti, na kusema spiriti ni kusema bangi, na Gody, na pingu. 

"Hapana, sista. Msimu umeisha."

Dripu ya kwanza ikaisha, ikafungwa ya pili. Boke akaanza kukoroma vibaya. Ndipo Baltazari akapiga magoti kwenye sakafu, akasema yote.

Gloria alimtazama kama anayetaka kumzaba kofi. "Dawa ya kuvunja sumu hiyo iko hospitali, hapa hatuna. Ungesema nilipokuuliza, gari la wagonjwa lilikuwa hapo nje! Limeondoka sasa hivi na mama mjamzito."

Boke alifariki kabla gari halijarudi.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Gody akasimama kusoma wasifu wa dada yake: kuzaliwa Butiama, ubatizo, ndoa, mtoto. Alipofika mwisho sauti ikashuka. "Marehemu aliugua saratani kwa muda mrefu, mpaka Bwana alipomwita."

"Futa hapo, Gody," Baltazari alisema, akainuka. "Bwana hakumwita. Nimemuua mimi. Nilimchujia mafuta ya bangi kwa pamba yenye sumu, na nesi aliponiuliza nikasema dagaa."

Mama yake Boke, aliyekaa mkekani na wanawake wenzake kutoka Butiama, akainua kichwa.

"Alilala?"

"Alilala, mama. Kama saa moja hivi."

Mama akajifunika kanga usoni. Hakumuuliza kingine, na mpaka leo hajampa mkono.