Mtumbwi wa Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa Iringa, na mtu wa Iringa, kwa maelezo ya ndugu wa mume wangu, anajua maji ya kwenye ndoo tu. Nilipoolewa Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, maneno hayo niliyala pamoja na wali. Wakinipakulia samaki wananiuliza kama kwetu nimewahi kumwona akiwa na kichwa. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimeshapania. Nikajifunza kupiga kafi, kwanza kwenye maji ya magotini, baadaye mbele zaidi, hadi mabega yakazoea.

Nilichotaka kilikuwa kimoja: niende peke yangu, nipite Matema, nifuate ufuo chini ya milima ya Livingstone hadi mahali pasipo na barabara wala nyumba, nilale huko usiku mmoja, nirudi.

"Wenzako wakichoka na ndoa wanarudi kwao," mume wangu alisema. "Wewe unakwenda kwa nyani."

Hakunizuia. Shida ni kwamba mtumbwi ulikuwa wa baba yake, na mimi na baba yake hatukuwahi kuzungumza hata siku moja.

Hatukugombana. Ni desturi tu. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mambo ya zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Nikisikia kikohozi chake njiani, naingia kwenye migomba na kujifunika khanga usoni mpaka apite. Naye akijua niko uani, anazunguka nyuma ya nyumba. Wengi siku hizi wameacha. Yeye hakuacha, na mimi, pamoja na ubishi wangu wote, hilo nililipenda. Sijawahi kuheshimiwa na mtu kwa bidii kiasi kile.

Basi ombi langu likapitia kwa mama mkwe, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo.

"Baba yako anasema mtumbwi chukua," aliniambia. "Ila urudi mwenyewe. Ukivutwa na mtu, usiuombe tena."

Niliondoka asubuhi ziwa likiwa limetulia. Nilikuwa na sufuria, turubai, mkungu mdogo wa ndizi na jaketi la kuelea ambalo mume wangu alinivalisha mwenyewe, akikaza kamba mpaka nikashindwa kumtukana. Upande wa kushoto milima ilisimama wima, misitu imeshuka hadi kwenye mawe ya majini. Maji yalikuwa maangavu, nikawaona samaki wadogo wa rangi ya buluu wakipita chini yangu. Nikaimba nyimbo za kwaya ya kwetu kwa sauti ambayo kanisani huwa naificha. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Nilipopiga kambi, nyani walinipokea. Nilipoinama kuwasha moto, mmoja akachukua ndizi, akaketi juu ya jiwe na kuzimenya akinitazama kama mwenye nyumba. Nilimrushia matusi ya Kihehe, naye akaendelea kula. Nililala na njaa kidogo, nikalala vizuri mno.

Kosa langu lilikuwa chai. Wenyeji wote husema urudi kabla upepo haujaamka, lakini nilitaka kunywa chai yangu taratibu, pasipo mtu wa kuniita. Nilipoingia majini mawimbi yalikuwa yameshaanza kuota vichwa vyeupe. Nilipiga kafi hadi viganja vikawaka moto. Nikaanza kuogopa, na nilichoogopa zaidi ni mtu kuja na kamba.

Ndipo nikaona mtumbwi mwingine unakuja kutoka Matema, na ndani yake kofia ninayoijua, ya baba mkwe.

Ziwani hakuna migomba ya kujifichia. Mikono ilikwenda yenyewe kwenye khanga, yote miwili, nikajifunika uso na kumpa mgongo. Kafi likaanguka majini likaenda zake.

Sauti yake niliisikia kwa karibu kwa mara ya kwanza, na haikuwa ikisema na mimi.

"We mtumbwi," ilisema. "Ukikaa ubavu hivyo utakunywa maji. Nakurushia kafi. Likifika, pua ielekeze kwenye wimbi kwanza. Nyumbani baadaye."

Nikachungulia kwa upenyo wa khanga. Naye alikuwa amenipa mgongo. Alirusha kafi kwa nyuma, bila kugeuka, likatua mkono mmoja tu kutoka kwangu. Alikuwa amekuja na makafi mawili. Nikalivuta, na kwa kuwa nami sikuruhusiwa kusema naye, nikaliambia lile kafi kwa sauti, "Ndaga." Ni neno la Kinyakyusa ambalo ni shukrani, tena ni salamu, tena ni pole, na nililihitaji kwa yote matatu.

Nikapiga kafi. Nyuma yangu, mbali, nilisikia la kwake, halikunikaribia wala halikupotea, hadi mchanga ukakwaruza chini yangu.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe kila kitu. Sikuvutwa, nilisema, lakini kafi si langu; sasa mtumbwi nimeukosa au vipi? Nilikuwa karibu kulia. Akaenda kuuliza, akarudi amejishika mbavu kwa kicheko.

"Baba yako anasema ziwani hajaona mtu. Angekuonaje? Ameona mtumbwi wake tu, unarudi nyumbani."

Nikalia kweli, nikasingizia moshi.

Mwezi uliofuata niliuendea tena mtumbwi. Ndani yake nilikuta makafi mawili. Moja lilikuwa limefungwa kamba kwenye ubavu wa mtumbwi, ili siku tukikutana tena niweze kujifunika kwa mikono yote miwili.