Mkazi wa Kibaraza

Mwandiko wangu ni mzuri. Sijisifu, maana ndio uliompeleka mtu mahabusu.

Nilikuwa mtendaji wa mtaa mmoja hapa Kawajense. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye kibaraza kipana cha saruji, na kibarazani hapo alilala mzee aliyetoka Sibwesa baada ya watoto wa marehemu kaka yake kugawana shamba na kumsahau. Mchana alibeba mizigo sokoni. Asubuhi nilikuta ameshafagia na maboksi aliyolalia ameyakunja vizuri nyuma ya mlango. Wageni wengi walimwamkia wakidhani ndiye mwenyekiti, kwa kuwa mwenyekiti mwenyewe alifika saa nne.

Siku moja tukaambiwa kuna ugeni mkubwa unakuja mjini, na kila mtaa upeleke kwenye kata orodha ya wazururaji wake. Watu wetu huamka alfajiri kwenda kulima Magamba, kwa hiyo wazururaji tuliwakosa. Mwenyekiti akanyong'onyea kama mtu aliyekosa kuku wa kumchinjia mgeni.

"Sasa mtendaji, tupeleke karatasi tupu? Si watasema hatufanyi kazi?"

"Lakini hatuna, mwenyekiti."

"Yule mzee analala wapi?"

"Hapo nje."

"Basi, andika. Hawatamfanya kitu, ni orodha tu hiyo."

Ningeweza kukataa. Ila peni nilikuwa nayo mkononi, na mimi ni mtu ninayependa kazi iishe. Nikaandika jina lake, nikapiga mstari kwa rula, nikagonga muhuri na kuifunga bahasha. Kisha nikampa mzee mwenyewe aipeleke kwenye kata, maana barua zetu zote alizipeleka yeye. Akaifuta mikono yake kwenye suruali kabla ya kuipokea.

Kesho yake kibaraza hakikufagiwa.

Nikasikia mzee amekamatwa, nikaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alikuwa na adabu zake.

"Dhamana ipo, mama. Lete barua ya serikali ya mtaa inayoonyesha anakoishi."

"Si mmemkamata kwa sababu hana anakoishi?"

"Ndiyo hivyo."

"Sasa nitaandika nini?"

"Barua mnaandika nyie, mama. Mimi napokea tu."

Nilirudi nikiwa nimejichukia. Siku ya tatu, mzee akiwa bado ndani, mimi na mwenyekiti tukaitwa kwenye semina ya haki za binadamu, tukapewa na mikoba. Mwezeshaji, dada mmoja msaidizi wa kisheria, alituambia kwamba kukosa pa kulala si kosa, na kwamba mtu hukamatwa kwa alichofanya, si kwa alichokosa. Tulipiga makofi. Mwenyekiti alipiga kuliko wote, halafu akauliza chakula cha mchana ni saa ngapi.

Wakati wa chai nilimfuata yule dada nikamweleza. Akaweka chapati yake chini.

"Orodha aliandika nani?"

"Mimi."

"Basi na barua utaandika wewe. Andika ukweli tu. Analala wapi?"

Nikaandika kwamba mtajwa ni mkazi wa kibaraza cha ofisi hii, ana tabia njema, na ofisi inamfahamu kwa miaka miwili. Nikagonga muhuri ule ule. Tulienda pamoja kituoni. Askari akaisoma mara mbili akitafuta kasoro, akaikosa, na mzee akaachiwa, barua akapewa aondoke nayo.

Mwenyekiti alipopata habari kwamba ofisi yake imekuwa makazi ya watu, alileta fundi. Ndani ya wiki kibaraza kikawekewa geti la nondo, kwa ajili ya usalama wa nyaraka, ingawa nyaraka zetu zilikuwa kabatini. Mzee akahamia stendi bila kulalamika. Mimi nikapewa funguo mbili, nikazisainia. Nilikuwa nimeshazoea.

Siku chache baadaye, nikijiandaa kufunga ofisi jioni, gari la polisi likasimama nje. Askari akashuka na mzee, na mzee mkononi ana barua yangu iliyofungwa kwenye nailoni.

"Tumemkuta stendi, mama. Barua inasema anaishi hapa, tumemleta kwake."

Hakuwa anatania. Mzee alilitazama geti, akanitazama mimi, kisha akabisha hodi. Nilijisikia vibaya mno. Nikamfungulia, na ufunguo mmoja nikamwachia.

Asubuhi niliwahi kazini nikakuta geti limefungwa kwa ndani. Ufunguo wangu nilikuwa nimeusahau nyumbani. Nikabisha hodi.

"Karibu, mtendaji," akasema akinifungulia, fagio mkononi. "Leo kuna bahasha ya kupeleka kata?"

Hajui mpaka leo kilichokuwamo kwenye ile aliyoipeleka. Nikamwambia hakuna, na kwamba kuanzia sasa bahasha nitapeleka mwenyewe.